Samaki Aliyeachia Mkia Wake

Maporomoko ya maji hutazamwa siku ya mvua. Hilo nilichelewa kulijua, kwa sababu katika miaka yangu ya mwanzo hapa München nilifuata desturi ya wenyeji, ambao huchungulia utabiri wa hali ya hewa tangu Jumatano na kukimbilia milimani kila jua linapoahidiwa. Nilikimbia nao. Nilipanda treni iliyojaa mpaka mlangoni, nikafika kwenye bonde lililosifiwa, nikakuta ukuta wa mwamba wenye utando mwembamba wa maji unaoteleza kama jasho shingoni, na watu wapatao thelathini wakiupiga picha kwa heshima zote. Siku hizi nafanya kinyume. Mvua ikinyesha usiku kucha Ijumaa, Jumamosi alfajiri mimi natafuta viatu vyangu, na ndani ya behewa nachagua kiti nikitakacho.

Ninakokwenda mara nyingi ni Kochelsee, ziwa dogo lililo kusini mwa jiji, mwendo wa saa moja na ushei kwa treni ambayo safari yake huishia palepale kijijini Kochel, kwa kuwa mbele ya kijiji hakuna pa kuendelea ila mlimani. Wajerumani wanaiita safu hii Voralpen, yaani milima ya mbele ya Alpi, na jina hilo linaitosha. Si ile milima ya kwenye kalenda yenye theluji mwaka mzima. Ni baraza ya nyumba kubwa, mahali pa kuketi na kuvua viatu kabla hujakaribishwa ndani. Jochberg una mita 1,565, Herzogstand una mita 1,731, na Benediktenwand unagusa mita 1,800. Kwa mtu aliyekulia chini ya Usambara hiyo si mirefu ya kutisha, maana hata vilele vya juu vya Lushoto vinaipita, lakini inasimama ghafla kutoka kwenye tambarare kiasi kwamba mtu akishuka kituoni shingo inainuka yenyewe.

Ziwa lenyewe lina nyuso mbili. Upande wa kaskazini limezungukwa na nyanda za majimaji, matete na malisho, na mtu hawezi kusema kwa hakika wapi ardhi imekwisha na wapi maji yameanza. Upande wa kusini mwamba unaingia ziwani moja kwa moja kama ukuta wa ngome. Eneo lake ni kilomita za mraba 6 hivi, kina chake ni mita 66, na uso wake uko kiasi cha mita 600 juu ya usawa wa bahari. Mto Loisach unaingia na kutoka. Aliyelichimba ni barafu: zama za baridi kali mto mkubwa wa barafu ulishuka kutoka Alpi, ukakwangua bonde kuu kama mtu anavyokwangua sufuria yenye ukoko, kisha ukayeyuka na kuacha shimo lililojaa maji. Mabonde madogo ya pembeni hayakuchimbwa kwa kina hicho. Yakabaki yananing'inia juu, na kila kijito kinachotoka humo, kikifika ukingoni, hakina budi kuruka. Ukishalielewa hilo huhitaji tena kitabu cha mwongozo. Unasimama kando ya ziwa, unatazama milima, unatafuta mahali ambapo msitu umekatika kwa mstari mweusi, na hapo kuna kijito kinachoruka.

Kwa mgeni huwa naanza na Lainbach, kwa sababu ni karibu na hakimchoshi mtu. Kuna vijito viwili vya jina hilo katika eneo hili, kimoja kinapita Benediktbeuern na kingine Kochel, na nimewahi kumsubiri rafiki kwa saa nzima kwenye kile ambacho yeye hakukiendea. Ninachokisema hapa ni cha Kochel. Unaacha nyumba za mwisho, unaingia msituni, na kabla hujaona chochote unasikia. Maji hayaanguki mara moja. Yanashuka kwa vidato, yakipumzika kwenye kibakuli cha jiwe, yakifurika, yakiruka tena. Mawe ni ya chokaa na dolomiti, meupe pale yanaposuguliwa na maji, na pembeni yamevikwa utando mnene wa kijani unaoshika unyevu kama sifongo. Ukiubonyeza kwa kidole unatoa maji kwa muda mrefu kuliko unavyotarajia, na ukiondoa kidole shimo linabaki palepale, halafu linajijaza polepole mpaka humalizi kuamini kwamba uliligusa.

Jiwe jeupe lililolowa ndilo lililonifundisha adabu. Mara ya kwanza nilikwenda na raba za mjini, zile ambazo nyayo zake zimelainika kwa kukanyaga lami, nikaona maji yako chini kidogo tu na njia ya mkato iko wazi. Hatua ya tatu miguu yote miwili ilinitoka kwa pamoja. Niliteremka kwa makalio umbali wa kama mita nne, taratibu, kwa namna isiyo na heshima yoyote, nikaishia kwenye kibakuli cha maji ya theluji yaliyonifika kiunoni. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa juu yangu na fimbo zake mbili alishuka kwa hatua fupi fupi, akanipa ncha ya fimbo niishike, na nilipotoka alitazama viatu vyangu kabla ya kunitazama usoni. Hakusema neno. Nilinunua viatu vya kupandia milima Jumatatu yake, na ni fedha ambazo sijawahi kuzijutia.

Njia ya pili inayosifiwa ni ile inayopita juu ya mwamba wa kusini, kati ya Altjoch na Schlehdorf, yenye kamba za chuma za kushikilia na ziwa likionekana chini ya unyayo. Hiyo siisemi sana, kwa sababu hufungwa kila mawe yanapodondoka, na mara mbili nimefika nikakuta kizuizi na tangazo. Ikiwa wazi, ipiteni. Ikiwa imefungwa, rudini. Mwamba huo haudanganyi.

Njia ninayotaka kuieleza kwa urefu ni ya tatu, ile ya Kesselberg, na niliijua vizuri mwezi wa Mei, mpwa wangu alipokuja kunitembelea kutoka Tanga. Ni mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka ishirini na sita, fundi umeme kwa kazi yake, mtu ambaye akiingia nyumba ya kigeni hutazama kwanza swichi ndipo atazame wenyeji. Nilimwahidi maporomoko ya maji. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na theluji ya mwisho ilikuwa bado inayeyuka huko juu, kwa hiyo nilikuwa na uhakika kwamba sitaaibika.

Kesselberg ni mgongo wa mlima unaotenganisha maziwa mawili. Upande huu chini kuna Kochelsee. Upande wa pili, mita 200 juu yake, kuna Walchensee, ziwa kubwa zaidi na la kina zaidi, kina cha mita 190 hivi, maji yake ya rangi ya feruzi. Leo barabara ya lami inapanda kwa kona nyingi kali, na siku za mapumziko sauti za injini husikika mpaka msituni. Lakini kando yake ipo njia ya zamani, na ndiyo hiyo mtembeaji anayoifuata. Ilitengenezwa mwaka 1492 na Heinrich Barth, mwananchi wa München, chini ya Mtawala Albrecht wa Nne wa Bavaria, na bamba la ukumbusho bado lipo kwenye mwamba njiani. Sababu ilikuwa biashara. Miaka mitano kabla, wafanyabiashara wa Venezia walikuwa wamehamishia soko lao Mittenwald, mji ulio kusini zaidi milimani, na bidhaa za kusini zilihitaji njia ya mkato ya kufika München. Nilimwonyesha mpwa wangu tarehe hiyo, tukahesabu: Vasco da Gama alikuwa bado miaka sita kufika Mombasa na Malindi, na viungo na hariri zilizobebwa juu ya jiwe hili yawezekana kabisa zilikuwa zimekwisha kupita mikononi mwa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Goethe, mwandishi mashuhuri wa Kijerumani, naye alipita mlima huu Septemba 1786 akielekea Italia. Njia ni nyembamba, yenye mwinuko usio na huruma, na mtu akifikiria mikokoteni iliyosheheni ikivutwa hapa kwenye matope anaona haya kulalamikia mkoba wake mgongoni.

Njiani tulikutana na watu, si wengi. Desturi ya hapa ni kwamba mjini hakuna anayemsalimia asiyemjua, lakini mguu ukishakanyaga njia ya mlimani kila mtu humsalimia kila mtu. Bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, akishuka kwa kasi ya kuaibisha, alitutangulia kwa "Grüß Gott" ya sauti kubwa. Mpwa wangu, ambaye hajazoea kusalimiwa kwanza na mtu wa umri wa bibi yake, alishtuka na neno likamtoka: "Shikamoo!" Bibi alitabasamu, akainamisha kichwa kama aliyeelewa, akaendelea na safari. Tulicheka mpaka kona iliyofuata.

Kijito cha Kesselbach kinashuka sambamba na njia hiyo ya kale, na uzuri wake ni kwamba hakionekani chote kwa mara moja. Kila kona inakupa kidato kimoja. Cha kwanza ni kipana na kifupi, maji yamesambaa juu ya mwamba kama shuka lililoanikwa. Kinachofuata kinapita kwenye ufa, na hapo maji yanakuwa meupe na makali, yanatoa ule upepo wa baridi ambao maporomoko yote hutoa, unaokujia usoni ukiwa bado hujayaona. Siku hiyo kijito kilikuwa kimejaa. Matone yalikuwa yakining'inia kwenye kope za mpwa wangu, na alikuwa amesimama kimya, mikono mfukoni, kwa muda ambao kwa kawaida yeye hakai kimya.

"Mjomba," akasema hatimaye, "ni mazuri. Lakini kule chini, yale mabomba ni ya nini?"

Alikuwa ameyaona tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nimempitisha haraka pale Altjoch, kwa sababu mabomba hayo huharibu picha zangu: sita, meupe, manene kiasi cha mtu mrefu kusimama ndani, yakishuka ubavuni mwa mlima kwa mistari iliyonyooka mpaka kwenye jengo refu lililo ukingoni mwa ziwa. Kwa miaka mingi nimeinua kamera kidogo kulia ili yasiingie. Hii ni mitambo ya umeme ya Walchensee, na kwa kuwa mwenzangu ni fundi umeme, safari yetu ya maporomoko ilikoma pale na nyingine ikaanza.

Tuliposhuka, tuliingia kwenye jengo la wageni la mitambo hiyo, ambalo kiingilio chake ni bure. Ujenzi ulianza mwaka 1918, vita vikiwa vimekwisha na nchi imechoka, chini ya mhandisi Oskar von Miller, yuleyule aliyeanzisha jumba kubwa la makumbusho ya sayansi na ufundi la München, na umeme ulianza kuzalishwa Januari 1924. Mpango wake ni mwepesi kuusema. Ziwa la juu liko mita 200 juu ya ziwa la chini; chimba handaki la mita 1,200 kupitia mgongo wa Kesselberg, tumbukiza maji kwenye mabomba, yaache yaanguke. Chini kuna mashine nane za kuzungushwa na maji, na kwa pamoja zinafikia megawati 124. Maji yanayoweza kupita ni meta za ujazo 84 kwa sekunde. Mpwa wangu, ambaye hupenda kuvigeuza vitu viwe vile anavyovijua, alisimama mbele ya kioo akihesabu kwa vidole kisha akatangaza kwamba ni mapipa 420 ya lita mia mbili mia mbili, kila sekunde.

Nilirudia hesabu yake kimoyomoyo nikaona ni sahihi, na hapo ndipo nilipojisikia mjinga. Nilikuwa nimempeleka kijana wa watu kupanda mlima wa mita 250 ili atazame kijito ambacho siku yake nzuri kabisa hakijazi hata sehemu ndogo ya bomba moja. Poromoko kubwa la Kochelsee tulilipita asubuhi. Limo ndani ya chuma. Haliloweshi kope za mtu, halina upepo wala upinde wa mvua, na sauti yake ni mvumo wa chini chini unaosikika kwa nyayo kuliko masikio, lakini lilikuwa likianguka muda wote tuliokuwa tukistaajabia kidato cha Kesselbach.

Kuna hadithi ya zamani ya Walchensee ambayo tangu siku hiyo naisikia kwa namna nyingine. Wazee wa hapa husimulia kwamba kilindini mwa ziwa analala kambare mkubwa asiye na mfano, amejikunja duara na kuushika mkia wake kwa mdomo. Siku atakayouachia, mkia utaupiga Kesselberg, mlima utapasuka, na maji yatamwagika mpaka nchi ya chini yote izame, München ikiwamo. Husemwa pia kwamba hofu hiyo iliwaingia watu wa München hasa, hata ikasomwa misa ya kuomba salama, na pete ya dhahabu iliyobarikiwa ikatupwa ziwani kila mwaka ili kulituliza. Mimi kambare nawajua, tumewavua utotoni, na naona mtunzi wa hadithi alichagua samaki sahihi: mvivu, mwenye masharubu, anayekaa matopeni kama aliyesahaulika, halafu siku moja anatikisa maji ukamwaga chai. Lakini wahandisi wa mwaka 1918 hawakumngoja. Walitoboa mlima wenyewe, kwa kipimo, wakamfungulia mkia inchi kwa inchi, na maji yaliyotabiriwa kuizamisha München yakaenda kuiwashia taa.

Sehemu ya umeme huo ni ya reli. Nusu ya mashine zile nane zimetengwa kwa ajili ya treni, ambazo hapa Ujerumani hutumia umeme wa masafa yake peke yake, yaani idadi ya mawimbi kwa sekunde, tofauti na ule wa majumbani, na reli ya Kochel nayo iliwekewa nyaya katika miaka hiyohiyo ya 1920. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba kila Jumamosi ninapokwenda kutafuta maji yanayoanguka, maji yanayoanguka ndiyo yanayonivuta.

Ila maji hayo lazima yatoke mahali. Walchensee lenyewe halipokei vijito vya kutosha kuendesha mitambo mikubwa namna hiyo, na ndiyo maana mwaka uleule wa 1924 mto Isar, mto wa München, ulizuiwa kwa kizingiti huko Krün, mbali juu karibu na mpaka wa Austria, na sehemu kubwa ya maji yake ikageuzwa kuelekea ziwani kwa mifereji na mahandaki. Baada ya Vita Kuu ya Pili mto mdogo wa Rissbach nao ukaongezwa. Maji yakishateremka mabombani huingia Kochelsee, hutoka kwa njia ya Loisach, na Loisach hurudi kuungana na Isar huko Wolfratshausen, kwa hiyo München haikupoteza kitu. Aliyepoteza ni yule wa katikati. Chini ya Krün, kwa zaidi ya miaka sitini, kitanda cha Isar kiliachwa karibu kikavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, uwanja mpana wa changarawe nyeupe, mpaka mwaka 1990 ilipokubaliwa kwamba kiasi fulani cha maji kiachwe kipite kila wakati. Kibali cha kutumia maji hayo kinafikia ukomo mwaka 2030, na wanaotetea mto na wanaotetea umeme wamekwisha kukunja mikono ya mashati. Mimi nimetembea kwenye changarawe ile. Ni nzuri ajabu, na ni uzuri wa kitu kilichonyang'anywa. Mtu anaweza kuyashika yote mawili kichwani bila kulazimika kuchagua moja kabla ya kunywa chai yake.

Labda nayasema haya kwa upole kwa sababu ni ya kwetu pia. Nimekulia Hale, katika Mkoa wa Tanga, pale ambapo mto Pangani hushuka kabla ya kulegea na kwenda baharini. Hapo palikuwa na maporomoko, na katika miaka ya 1960 yakajengewa mitambo ya megawati 21, mashine zake zikiwa zimechimbiwa chini kabisa ardhini. Sisi watoto hatukuwahi kuziona. Tulichokijua ni mawe: kiangazi kitanda cha mto chini ya kizuizi kilikuwa mawe matupu, meusi, ya moto, yenye madimbwi ambamo tulivua kambare kwa mikono huku tukitega sikio, maana tulikatazwa kuwapo pale na tulijua kwa nini. Masika, maji yalipozidi na kuachiwa, usiku tulisikia ngurumo ikija mpaka kitandani. Bibi yangu alikuwa akisema, "Leo mto umekumbuka kwao." Nikamweleza mpwa wangu kwamba nadhani kupenda kwangu maporomoko kulianzia kwenye ngurumo hiyo ya siku chache kwa mwaka. Yeye alizaliwa mjini Tanga, na kwake Hale ni jina kwenye mchoro wa gridi. "Kumi nukta tano, mara mbili," akasema, akimaanisha mashine zake mbili na megawati zao, kwa sauti ile ambayo wengine hutajia majina ya mashangazi.

Tulikosa treni ya saa kumi na moja jioni kwa sababu hakutaka kuondoka kwenye kile kioo. Tukakaa kituoni Kochel tukila mkate na mayai ya kuchemsha, tope likitukauka miguuni, tukatazama mawingu yakishuka juu ya Jochberg kama mtu anayejifunika shuka.

Oktoba iliyofuata, yeye akiwa amekwisha kurudi, nilikwenda peke yangu kwenye maporomoko ambayo kwa ramani yako mbali na Kochelsee lakini kwa maji ni ya Kochelsee kabisa. Yanaitwa Kuhflucht, jina ambalo kwa Kijerumani cha leo linasikika kama "ng'ombe katoroka", na yako Farchant, kwenye bonde la Loisach, kabla kidogo ya kufika Garmisch. Unashuka treni, unavuka mto, unaingia msituni, na baada ya nusu saa hivi uko kwenye vidato vya chini. Maporomoko ni matatu, na kwa jumla yanashuka mita 270, ambazo kwa Ujerumani ni nyingi. Lakini kilichonifanya nikae si urefu.

Vijito vyote nilivyovieleza huja juu ya ardhi. Unaweza kuvifuata mpaka ukafika kwenye tope na majani vinakoanzia. Kuhflucht hakina kijito juu yake. Mlima wa Estergebirge ulio nyuma yake ni wa chokaa iliyotobolewa na maji kwa muda usiohesabika, mvua na theluji vikiangukia kileleni vinanywewa na nyufa, na huko juu unaweza kutembea kwa saa nyingi bila kukutana na maji ya kujaza chupa. Yote yanakwenda chini gizani, yanakusanyika, kisha yanatokea kwenye uso wa mwamba, mahali pamoja, kana kwamba kuna mtu ameng'oa kizibo. Kutoka chini unaliona: ukuta wa kijivu, mkavu juu, na katikati yake mto unatoka. Hapa hapakuwa na mhandisi. Mlima ulijichimbia handaki lake wenyewe na kujifungia mabomba yake, zamani kabla ya Barth na mikokoteni yake.

Siku hiyo maji yalikuwa machache, kama ninavyojua kwamba huwa Oktoba, na safari hii sikuwa na mvua ya kunisaidia. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa na siku ya mapumziko na hamu. Nilichutama kando ya kidato cha chini, nikavua glavu, nikatia mkono majini. Baridi yake ilianza kama maumivu kwenye mifupa ya vidole, halafu ikawa hakuna, halafu mkono ukaonekana si wangu, umelala pale juu ya changarawe nyeupe, majani mawili ya mti yakipita juu yake kuelekea Loisach. Nilihesabu mpaka sitini, nikautoa, ukawa mwekundu kama umechapwa.

Nikiwa kituoni Farchant nilimpigia mama simu. Yeye huuliza mvua kabla ya kuuliza afya, kama watu wengi wa kwetu wenye shamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko kumenyesha?"

"Wiki hii hapana, mama. Nimetoka kutazama maji."

"Yapo?"

"Yapo kidogo. Yanatoka ndani ya mlima."

Akanyamaza, na kwa mbali nikasikia jogoo na redio ya jirani. "Ya kwetu yanaingia," akasema, kisha akaniuliza kama nimekwisha kula.